Jua Limewekewa Hesabu



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na afya hadi Ijumaa hii, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, watu wa nyumba yake na masahaba zake. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada zetu na katika shughuli zetu.

Maneno ya leo yanahusu kitu kilichopo juu ya mabati ya wengi wetu, kuanzia Makambako mjini hadi Lupembe, Wanging'ombe na vitongoji vya ndani kabisa: paneli za sola. Wapo watakaosema hilo ni jambo la mafundi na wenye maduka, halina nafasi katika mawaidha ya Ijumaa. Sikubaliani nao. Kitu kinachobeba akiba ya mjane, deni la mkulima wa viazi na macho ya mtoto anayedurusu usiku hakiwezi kuwa nje ya dini.

Isomeni tena Sura ya 55, Ar-Rahman. Mwanzoni tu mwa sura Mola wetu anataja kwamba jua na mwezi vinakwenda kwa hesabu. Haupiti muda anataja mbingu alizoziinua, anataja mizani aliyoiweka, kisha anatukataza kuipunja. Hesabu ya jua na uadilifu wa mizani vimetajwa pamoja, katika aya zinazokaribiana. Na mimi nasema wazi: nyumba nyingi hapa kwetu zimerudi gizani na jua likiwa lile lile. Mwenye nyumba hakupiga hesabu, au muuzaji aliipunja mizani, au yote mawili.

Tuanze na neema yenyewe, maana anayeijua neema ndiye anayeweza kuishukuru. Sisi watu wa nyanda za juu tunalalamikia baridi. Juni na Julai umande unaganda juu ya majani ya viazi na mtu anatoka nyumbani na makoti mawili. Lakini paneli ya sola inaipenda baridi hii. Kadiri inavyopata joto ndivyo nguvu yake inavyopungua, kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25. Juu ya bati la Dar es Salaam paneli inaweza kufikia nyuzi 60, ikapoteza zaidi ya sehemu moja kati ya kumi ya nguvu yake. Kwetu, mchana mweupe wa Julai, jua linawaka na upepo unaipoza. Katika hili Mwenyezi Mungu ametupa tusichokiomba.

Na kuna jambo jingine ambalo kila likinijia moyo unanyenyekea. Njombe ipo kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua la miezi ya baridi linapita upande wa kaskazini, na fundi anayeijua kazi yake huilaza paneli ikitazama kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi kama 10 hadi 15 ili mvua nayo iweze kuosha vumbi. Sasa kibla chetu kipo wapi? Makka ipo kaskazini yetu, ikiegemea mashariki kidogo sana. Paneli iliyofungwa sawasawa Njombe au Makambako inaelekea karibu kule kule tunakoelekea katika sala tano. Fundi Mwislamu anayepanda ngazi asiijue kaskazini ni ipi, basi na amuulize imamu.

Nirudi kwenye hesabu. Sahaba Sa'd alikuwa akitawadha, Mtume akampitia na kumkataza israfu ya maji. Sa'd akashangaa kama katika udhu nako kuna israfu, naye akajibiwa kwamba ipo, hata kama mtu anatawadha katika mto unaotiririka. Amepokea Ibn Majah. Kuna watu wanasema jua ni la bure, kwa hiyo sola haina haja ya kubania. Jua ni la bure kama mto ule, lakini betri si ya bure, na ndiyo inayokufa.

Chukueni mfano wa paneli ya wati 100. Siku yenye jua zuri inapata kama saa nne hadi tano za jua kamili, yaani wati-saa 400 hadi 500. Toa kinachopotea kwenye waya, kwenye kontrola na ndani ya betri, zinabaki kama 350. Taa sita za wati 5, zikiwaka saa tano, zinakula 150. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne inakula 120. Redio na simu tatu zinachukua kama 60. Jumla ni 330, na hapo umefika ukingoni. Sasa aje mgeni na birika la umeme la wati 1,500, achemshe maji kwa dakika kumi na tano: peke yake limekula 375, zaidi ya mavuno ya kutwa nzima. Pasi ya umeme ni hivyo hivyo. Na hapo sijataja mawingu na ukungu wa Januari na Februari, siku ambazo paneli inaleta nusu ya hizo au chini yake.

Betri ya kawaida ya asidi, ile ya volti 12 na ampea-saa 100, imeandikwa wati-saa 1,200, lakini ukitaka ikae miaka usiishushe chini ya nusu. Ile nusu ya chini ni kama mbegu ya mahindi iliyowekwa kichanjani: ukiila leo utashiba, msimu ukifika huna cha kupanda. Betri za lithiamu zinavumilia kushushwa zaidi na zinadumu zaidi, ila bei yake inataka mtu aliyejipanga. Mwanamume anayewaacha vijana waangalie mpira hadi taa nyekundu ya kontrola iwake, usiku baada ya usiku, anaiua mali ya nyumba yake polepole, na mali ya nyumba ni amana.

Hesabu hiyo hiyo inatutaka tuseme ukweli ambao wenye maduka hawapendi kuusema. Ukiwa na nguzo ya TANESCO mlangoni, usidanganyike kwamba sola ndogo itakupunguzia matumizi ya LUKU kwa kiasi cha maana. Zile wati-saa 350 kwa siku ni kama yuniti kumi kwa mwezi. Mteja mdogo, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, kwa miaka mingi ametozwa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Kwa hiyo wati 100 za juu ya bati zinakuokolea shilingi elfu moja na kitu kwa mwezi, na betri itachakaa kabla hujarudisha fedha yako. Kwa mwenye umeme wa gridi, sola ni akiba ya siku ya kukatika, na siku hizo tunazijua. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchi nzima ilikuwa kwenye mgawo, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024.

Anayeihitaji sola kwa dhati ni jamaa yetu wa kitongojini. Makambako imebarikiwa: barabara kuu na reli ya TAZARA vinapita hapa, na hapa ndipo inapoanzia laini ya kilovolti 220 iendayo Songea. Vijiji vya Tanzania Bara, 12,318 kwa hesabu ya serikali, vimefikishiwa umeme kupitia Wakala wa Nishati Vijijini. Lakini kijiji kufikiwa si nyumba kufikiwa. Nguzo inasimama senta, karibu na shule na zahanati, na nyumba iliyo ng'ambo ya bonde, nyuma ya shamba la misindano, inazitazama taa kwa mbali. Huyo ndiye anayeuza magunia ya viazi, anapanda gari hadi Makambako na fedha mfukoni, anaingia dukani asijue wati ni nini. Hajui kuuliza. Anakuamini wewe muuzaji kwa kanzu yako, kwa kofia yako, kwa salamu yako.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kwa muda.

Amepokea Imamu Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu na zuri. Akaingiza mkono ndani ya rundo, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akatamka kwamba anayefanya hadaa si katika watu wake. Angalieni, mtu yule hakusema uongo wowote kwa ulimi. Alinyamaza tu, akaacha upande mzuri uzungumze.

Leo rundo la nafaka ni karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Imeandikwa wati 100, mteja anasoma 100, analipa 100. Mkono wa kuingiza ndani ya rundo ni futikamba. Jua la saa sita mchana linamwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na paneli nzuri ya siku hizi inakamata kama sehemu moja kati ya tano. Kwa hiyo wati 100 za kweli zinahitaji kama nusu mita ya mraba: kwa mfano mita moja kwa sentimita 50. Ukiletewa paneli ya sentimita 50 kwa 50 na karatasi yake inadai wati 100, karatasi hiyo ni ya uongo, hata kama ina nembo inayong'aa. Haiwezi kufika hapo, kwa sababu eneo lenyewe halipokei jua la kutosha. Pimeni urefu na upana kabla ya kutoa fedha. Ulizeni alama ya TBS. Betri nayo inyanyueni: ya asidi yenye ampea-saa 100 haipungui sana kilo 25, maana zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja kirahisi, ndani hamna kilichoandikwa nje.

Na wewe muuzaji unayesema, "Mimi mwenyewe nimeletewa hivi hivi kutoka Dar," sikiliza. Huenda siku ya kwanza ulikuwa hujui. Lakini mteja wa kwanza aliporudi akilalamika, ulijua. Tangu siku hiyo kila paneli uliyoiuza kwa karatasi ile ni nafaka iliyolowa. Bandika wati zake za kweli, punguza bei, mweleze mtu. Utauza pungufu na utakula halali. Paneli zenyewe zimeshuka bei duniani kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Hakuna dharura inayomlazimisha mfanyabiashara kupunja katika bidhaa ambayo Mola ameishusha bei kiasi hicho.

Fundi naye ana mizani yake. Ipo kazi ya kufunga sola ambayo mtu akiitazama tu anajua kwamba aliyeifanya hakuwa na Mungu moyoni siku ile: waya mwembamba wa taa umevutwa mita ishirini kutoka kwenye betri, taa ya mwisho inawaka njano kama koroboi, hakuna fyuzi karibu na betri, vichwa vya betri vimeota unga mweupe na wa kijani na fundi hajawahi kumwambia mama wa nyumba kwamba unasafishwa kwa maji ya moto na brashi, kisha vichwa vinapakwa grisi. Paneli imefungwa pale ngazi ilipofika kwa urahisi, chini ya mparachichi. Wengi hawajui kwamba vile vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mnyororo, hivyo kivuli cha tawi moja kikiangukia kona moja kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli nzima. Makambako, karibu na barabara ya malori, vumbi linafanya kazi hiyo hiyo ya kivuli. Dakika tano za kitambaa na maji asubuhi, kabla bati halijapata moto, zinatosha. Mwambie mteja hivyo. Maelezo ni sehemu ya kazi uliyolipwa.

Mtume alituusia pia tuzime taa tunapolala, na akataja panya anayeweza kuburuta utambi akawaunguza watu nyumbani mwao. Hekima hiyo imo katika koroboi, na imo katika betri isiyo na fyuzi iliyofichwa chini ya kitanda cha watoto. Betri ikae penye hewa, mbali na malazi. Na maadam tumetaja usiku: sola ndogo haipashi nyumba joto. Msije mkaona taa inawaka mkadhani nyumba imekamilika, kisha mkaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu, na katika mikoa ya baridi kama yetu imeshaondoka na familia nzima usingizini.

Kuhusu deni. Wengi wanachukua sola kwa kulipa kidogo kidogo kupitia simu, utaratibu ulioshika kasi nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukianzia Arusha. Unalipa, taa zinafunguka. Usipolipa, zinafungwa kutoka mbali. Asili ya biashara hii haina ubaya. Wanazuoni walio wengi wanaruhusu bei ya mkopo iwe juu kuliko ya taslimu, maadam mmekubaliana bei moja inayojulikana kabla ya kuachana. Kinachoharibu ni nyongeza inayozaliwa na kuchelewa, hiyo ni riba. Basi kabla ya kuweka dole gumba, uliza: jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi? Nikichelewa mwezi mmoja wakati wa kupanda, jumla inabaki ile ile? Betri ikifa kabla deni halijaisha, ni juu ya nani? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Asiyejua kusoma aende na kijana wake wa madrasa au wa sekondari. Anayemsainisha bibi kizee mkataba wa lugha asiyoijua, akachukua kamisheni yake akaenda zake, ajue kwamba aya ile imemtaka mwandishi aandike kwa uadilifu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halisemwi kabisa, nalo ndilo linalonitisha zaidi. Betri ikifa inakwenda wapi? Tazameni nyuma ya nyumba zetu. Ipo chini ya mwembe, ipo kandokando ya bustani ya mboga, nyingine imepasuliwa na kijana mwenye shoka ili atoe risasi auze kwa kilo, na asidi imemwagwa mtaroni. Risasi haiozi. Inakaa kwenye udongo, inaingia kwenye mikono ya watoto wanaotambaa, na kazi yake mwilini mwa mtoto ni kudhoofisha akili isiyorudi tena. Ndugu zetu wa Mombasa wameyaona haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza 2007 kilitia sumu ya risasi katika damu za wakazi. Mama mmoja aliyekuwa mwajiriwa wake, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa ananyonya amepata sumu hiyo, akalisimamia jambo hilo hadi kiwanda kikafungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fidia hairudishi akili ya mtoto. Dini yetu imekataza kudhuru na kulipizana madhara, na asiye Mwislamu ananufaika na katazo hilo sawa na Mwislamu. Hapa Njombe majirani zetu wengi ni Wakristo. Udongo wao ni udongo wetu, na watoto wao wanacheza na watoto wetu.

Imepokewa pia kwamba watu wanashirikiana katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Kwa kuwa moto wa zama hizi unakaa katika betri, msikiti wenye sola usijifungie nayo. Umeme unaobaki baada ya adhana na sala ya isha uwashe taa barazani, mtoto wa jirani aje adurusu hesabu zake bila kuulizwa dini ya baba yake. Anayetaka sadaka ya kuendelea anunue betri ya madrasa, na aweke kando kila mwezi kitu kidogo cha kununulia ya pili, kwa sababu ya kwanza itakufa.

Ndugu zangu, ninaomba mambo matatu na ninataka yaanze wiki hii. Mwenye betri mbovu nyumbani asiipasue wala asimwachie mtoto. Airudishe nzima dukani alikoinunua, na muuzaji Mwislamu aipokee bila kisingizio. Wenye maduka ya sola Makambako na Njombe waweke futikamba juu ya kaunta, mteja ajipimie mwenyewe. Na fundi aliyesikia maneno haya huku akikumbuka nyumba aliyoifunga vibaya kwa haraka, arudi pale, apande ngazi, airekebishe bila kudai hata senti, kabla mvua za Novemba hazijaanza.